Baba Mwenye Kipato Kidogo na Kesi ya Mtoto: Jinsi ya Kupata Msaada wa Kisheria Bila Malipo Tanzania Bara

Maswali ya akina baba hayabadiliki. "Mke wangu kaondoka na watoto, sina hela ya wakili, nifanye nini?" "Nimeletewa samansi ya matunzo, niende au nisubiri?" "Mtoto ni wangu ila hatukufunga ndoa, nina haki gani?" Halafu kuna lile ambalo wengi huliuliza kwa sauti ya chini: "Hivi huu msaada wa kisheria si wa akina mama?"

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowaweka wengi nyumbani mpaka mambo yanaharibika. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya mwaka 2017, inamzungumzia mtu asiye na uwezo wa kulipia huduma ya kisheria, awe mwanamke au mwanamume. Ni kweli zipo taasisi zilizoundwa mahususi kwa ajili ya wanawake na watoto, nazo zinafanya kazi kubwa. Lakini zipo nyingine nyingi zinazompokea yeyote. Kama kipato chako hakitoshi kumlipa wakili, nenda.

Kwa niliyoyaona, baba akishindwa mara nyingi ni kwa sababu amechelewa, na alipofika amefika mikono mitupu. Yote mawili yanazuilika. Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011 na Mahakama za Kadhi, kwa hiyo taratibu za huko ni nyingine.

Andaa haya kabla ya kutoka nyumbani

- Kitambulisho chako: cha NIDA, cha mpiga kura, au chochote chenye picha.
- Barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayokutambulisha na kueleza hali yako ya kipato. Omba nakala mbili zenye mhuri. Moja itatumika ofisi ya msaada wa kisheria, nyingine mahakamani utakapoomba kusamehewa ada.
- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama hakipo, chukua kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya shule yenye jina lako kama mzazi.
- Cheti cha ndoa, au majina ya watu watatu au wanne wanaojua mliishi pamoja tangu lini na wapi.
- Kila karatasi uliyopewa na mahakama, baraza, polisi au ustawi wa jamii, hata kama unaona haina maana.
- Ukurasa mmoja ulioandika kwa mkono wako: mlianza kuishi lini, watoto walizaliwa lini, mlitengana lini, mtoto yuko kwa nani sasa, mara ya mwisho ulimwona lini. Tarehe tu na tukio, lawama weka pembeni.
- Ushahidi wa matunzo.

Hili la matunzo lina uzito kuliko yote, ngoja nilieleze kwa kirefu. Baba wengi wanatuma hela kwa mtoto miaka na miaka, halafu siku wanayosimama mbele ya hakimu hawana hata karatasi moja. Mama anasema hajapewa kitu, baba anasema ametoa, na hakimu hana cha kushika. Kwa hiyo tuma kwa simu, kutoka laini yenye jina lako kwenda laini ya mama mwenyewe au akaunti ya shule. Usipitishie kwa shangazi wala kwa bodaboda. Usifute ujumbe wa muamala, na nenda kwenye duka la mtandao wako ukaombe taarifa ya miamala iliyochapishwa. Ukilazimika kutoa taslimu, nunua daftari, andika tarehe, kiasi na kusudi, na aliyepokea atie saini. Risiti za sare, dawa, ada na chakula ziweke kwenye bahasha moja. Hata ukitoa kidogo, toa kwa mfululizo: elfu tano kila wiki yenye kumbukumbu ina nguvu kuliko laki moja ya mara moja kwa mwaka.

Hatua kwa hatua

1. Ijue shida yako kwa jina lake. Kuvunja ndoa ni jambo moja. Matunzo ni jingine. Kukaa na mtoto, kumtembelea mtoto na kuthibitisha kwamba wewe ndiye baba, kila moja lina mlango wake. Ndoa na talaka zinasimamiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mambo ya mtoto mwenyewe, wazazi wawe na ndoa au wasiwe nayo, yamo kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ukifika ofisini ukasema "nataka haki yangu", utazungushwa. Ukisema "nataka utaratibu wa kumwona mwanangu kila wikendi, mama yake amenikatalia tangu Machi", utahudumiwa.

2. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Hapa ndipo pa kuanzia kwa mashauri mengi ya watoto, na huduma ni bure. Afisa ustawi wa jamii atakusikiliza, atamwita mama wa mtoto, na atajaribu kuwapatanisha kuhusu matunzo na ratiba ya kumwona mtoto. Mkikubaliana, hakikisha makubaliano yameandikwa, yametiwa saini na nyote, na umepewa nakala. Msipokubaliana, usione umepoteza muda. Shauri likifika mahakamani, hakimu anaweza kumtaka afisa huyohuyo aandike taarifa ya uchunguzi kuhusu hali ya mtoto na mazingira ya kila mzazi. Kwa hiyo namna ulivyojiweka ofisini kwake itasomwa baadaye. Nenda umetulia. Ukija unafoka, atakachoandika ni kwamba ulikuja unafoka.

3. Tafuta msaidizi wa kisheria au wakili wa bure. Msaidizi wa kisheria ni mtu aliyepata mafunzo na kusajiliwa chini ya ile sheria ya 2017. Wapo katika wilaya nyingi, na afisa maendeleo ya jamii au mtendaji wa kata anaweza kukuelekeza kwao. Atakusaidia kuelewa sheria, kupanga karatasi, kuandika barua na kusuluhisha. Hawezi kusimama mahakamani kukuwakilisha. Hilo ni la wakili. Mawakili wa kujitolea wanapatikana kupitia Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS), chenye matawi mikoani, na kupitia Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), chenye ofisi za msaada wa kisheria Dar es Salaam na Arusha. Shule Kuu ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina historia ndefu ya kutoa msaada huu. Mwaka 2023 ilizinduliwa pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, ya kupeleka wanasheria mikoani mpaka ngazi ya kata na vijiji. Ukisikia imefika wilayani kwako, beba bahasha yako uende siku ya kwanza, usingoje ya mwisho.

4. Siku ya kwanza ofisini, sema kweli yote. Kama uliwahi kumpiga mama wa mtoto, sema. Kama hujatoa matunzo miezi sita, sema. Kama una mtoto mwingine nje, sema. Anayekusaidia akijua mapema atajipanga. Akiyasikia kwa mara ya kwanza kutoka upande wa pili mbele ya hakimu, hana la kufanya. Uliza pia: je, mama wa mtoto ameshafika hapa? Kama amefika na wamempokea, ofisi hiyo haiwezi kukuwakilisha wewe dhidi yake. Usikasirike. Wanaweza kuwaita wote wawili kwa usuluhishi, au wakuelekeze ofisi nyingine.

5. Kama ni ndoa inayovunjika, pita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Isipokuwa kwa sababu chache maalumu, mahakama haipokei maombi ya talaka bila hati ya baraza inayosema usuluhishi umeshindikana. Baraza linaweza kuwa la kata, la BAKWATA kwa Waislamu, au la kanisa linalotambuliwa. Hati hiyo iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua maombi. Hakikisha unapewa hati yenyewe, yenye mhuri na maneno kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha, na siyo barua ya kawaida ya "tunamtambulisha kwenu". Kuna mashauri ya talaka yaliyokwenda mpaka mahakama za juu kisha yakafutwa kwa sababu ya dosari katika karatasi hii moja. Jambo jingine: ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, lazima kwanza uombe ruhusa ya mahakama kabla ya kuomba talaka.

   Kama hamkufunga ndoa lakini mmeishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawachukulia kama mume na mke, mahakama inaweza kudhania kuwa mlikuwa na ndoa, na ikatoa maamuzi kuhusu watoto, matunzo na mali. Hapo ndipo wale mashahidi wako watatu au wanne wanapohitajika.

6. Kama uzazi unabishaniwa, thibitisha. Sheria ya Mtoto inakuruhusu kuomba mahakama itamke kwamba wewe ni baba. Ushahidi unaokubalika ni pamoja na jina lako kwenye kumbukumbu za kuzaliwa, mila za kumtambua mtoto zilizofanywa na baba, kumkiri mtoto hadharani, na kipimo cha vinasaba. DNA hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia mamlaka inayotambuliwa kama mahakama au ofisi ya ustawi wa jamii. Huwezi kumbeba mtoto ukaenda naye mwenyewe. Kipimo kina gharama, kwa hiyo zungumza mapema na anayekusaidia. Na mahakama ikiagiza kipimo ukakataa, kukataa kwako kunaweza kuchukuliwa kama ushahidi dhidi yako.

7. Fungua maombi, au jibu uliyofunguliwa. Maombi ya kukaa na mtoto, kumtembelea au matunzo chini ya Sheria ya Mtoto hupelekwa Mahakama ya Watoto. Maombi ya talaka yanaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako mambo yote huendeshwa kwa Kiswahili na wengi hujisimamia wenyewe. Anayekusaidia ndiye akushauri mahakama ipi inafaa, kisha aandike nyaraka. Hapo toa ile nakala ya pili ya barua ya mtaa, uombe kusamehewa ada kwa kuwa huna uwezo. Omba kwa maandishi, siku ileile ya kufungua.

   Kama ni wewe uliyeletewa samansi, soma tarehe na uende. Hata kama hujapata wakili, nenda. Mweleze hakimu kwamba umeomba msaada wa kisheria, umwonyeshe barua ya ofisi uliyokwenda, uombe muda. Usipokwenda, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, na kiwango cha matunzo kikapangwa kwa maelezo ya mwenzako peke yake.

8. Siku ya kusikilizwa, mzungumzie mtoto. Hakimu anatafuta maslahi ya mtoto. Anataka kujua mtoto atalala wapi, nani atamwogesha na kumpikia ukiwa kazini, shule iko umbali gani, ndugu zake wako wapi, mtoto mwenyewe anasemaje kama umri unamruhusu kusema. Jibu maswali hayo kabla hujaulizwa. Kwenye matunzo, mahakama huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu mengine mliyonayo kwa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Peleka hesabu yako halisi: unaingiza kiasi gani, kodi ya chumba ni kiasi gani, wangapi wanakutegemea. Muuza mitumba au dereva wa bajaji asiye na hati ya mshahara anaweza kutumia daftari lake la mauzo au mkataba wa hesabu na mwenye chombo.

9. Ukipata amri, chukua nakala na uitekeleze. Soma kila mstari. Uliza siku hiyohiyo, kabla hujatoka kwenye viwanja vya mahakama, muda wa kukata rufaa ni siku ngapi. Muda huo ni mfupi na haukusubiri.

Kuhusu ile miaka saba

Hapa pana kutoelewana kwingi. Wengi wanaamini mtoto akifikisha miaka 7 "anakuwa wa baba". Sheria haisemi hivyo. Inachosema ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni vizuri akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kama mama hayupo na mtoto analelewa na jirani, kama mtoto anapigwa, kama hapelekwi kliniki wala shule, leta mashahidi na nyaraka. Mahakama pia inaogopa kumhamisha mtoto hamisha-hamisha. Akishatimiza 7, hakuna anayempata kwa umri tu. Kila kitu kinapimwa kwa maslahi yake. Na mahari au faini ya ukoo uliyolipa haimfanyi mtoto kuwa mali yako, hata kama wazee wa pande zote mbili wanaona hivyo.

Makosa yanayowagharimu akina baba

Kumchukua mtoto kwa nguvu, shuleni au kwa bibi yake, na kumficha. Naelewa uchungu unaomfanya mtu afike hapo. Lakini kumwondoa mtoto kwa anayekaa naye kihalali ni kosa, na siku hiyo unageuka kutoka mleta maombi na kuwa mtuhumiwa.

Kusitisha matunzo kwa sababu umenyimwa kumwona mtoto. Haya ni mambo mawili tofauti. Mtoto anakula hata usipomwona. Endelea kutuma, na wakati huohuo omba haki ya kumtembelea.

Kutukana kwenye ujumbe wa simu. Kila ulichoandika usiku kwa hasira kinaweza kuchapishwa na kusomwa mahakamani. Andika ujumbe kama vile hakimu ndiye anayeupokea.

Kulipa vishoka. Nje ya mahakama nyingi kuna watu wanaojiita mawakili. Wakili wa kweli anatafutika kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Na anayedai ada kwa jina la msaada wa kisheria wa bure, mkimbie.

Kusaini makubaliano usiyoyaweza. Baba anaona aibu kusema kipato chake, anakubali laki mbili kwa mwezi, mwezi wa tatu ameshindwa. Taja kiasi unachoweza kukitoa hata mwezi mbaya.

Mambo yakikwama

*Mama wa mtoto haji akiitwa ustawi wa jamii.* Omba afisa aandike kwamba aliitwa na hakufika, kila mara. Akikataa mara kadhaa, omba barua ya kwenda mahakamani.

*Anakataa kupokea hela.* Tuma hata hivyo ikiwezekana, au lipa ada na mahitaji moja kwa moja shuleni. Kisha nenda ustawi wa jamii ukaombe irekodiwe kwamba umetoa na umekataliwa.

*Hujui mtoto yuko wapi, au unahofia anaumizwa.* Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Kwenye hatari usisubiri zamu ya usuluhishi.

*Mtoto hana cheti cha kuzaliwa.* Walio chini ya miaka 5 wanasajiliwa bila malipo kwenye ofisi za kata na vituo vya afya chini ya mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Aliyezidi umri huo, uliza ofisi ya RITA iliyoko kwa mkuu wa wilaya.

*Ofisi ya msaada wa kisheria imesema haiwezi kuchukua kesi yako.* Uliza sababu, omba wakuandikie barua ya kukuelekeza ofisi nyingine, na waombe angalau wakuandalie nyaraka ili ujisimamie. Akina baba wengi wameendesha mashauri yao wenyewe Mahakama ya Mwanzo wakiwa wameandikiwa karatasi vizuri.

*Umepoteza kazi na amri ya matunzo bado ipo.* Usinyamaze ukaacha deni lijikusanye. Rudi mahakama ileile iliyotoa amri, uombe kiwango kibadilishwe kwa sababu hali imebadilika, ukiwa na barua ya kuachishwa kazi au ushahidi mwingine. Mpaka mahakama iseme vinginevyo, amri ya zamani ndiyo inayokubana, kwa hiyo nenda wiki ileile uliyopoteza kazi.

*Amri inakuruhusu kumwona mtoto lakini kila ukifika unakuta mlango umefungwa.* Usivunje mlango wala usigombane. Nenda na shahidi, ikiwezekana mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa, andika tarehe na saa. Baada ya mara mbili tatu, peleka orodha hiyo kwa afisa ustawi wa jamii na kwa anayekusaidia kisheria, ili mahakama iombwe kusimamia utekelezaji wa amri yake.